Ulinganisho wa prosesa za Core i5-6300U na Core i5-8250U

Core i5-6300U na Core i5-8250U ni prosesa mbili za kompyuta mpakato zilizobuniwa na kampuni ya Intel ya Marekani. Ya kwanza ilitolewa mwaka 2015, ya pili mwaka 2017. Zote mbili zinaitwa "Core i5", zote zimepangiwa wati 15, na zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14. Hata hivyo hazilingani katika *utendaji*, yaani wingi wa kazi inayokamilika kwa muda fulani, wala katika *ufanisi*, yaani wingi wa kazi inayokamilika kwa kiasi fulani cha umeme.

Kompyuta zenye prosesa hizi zilitengenezwa hasa kwa ajili ya maofisi. Miongoni mwa zilizouzwa na prosesa ya kwanza ni Lenovo ThinkPad T460 na HP EliteBook 840 G3. Miongoni mwa zilizouzwa na ya pili ni ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5. Ofisi zinapobadilisha vifaa, kompyuta hizo huuzwa tena kama mitumba, na nyingi hufika Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo mnunuzi huweza kukuta aina zote mbili zimepangwa kwenye meza moja dukani, zikifanana kwa umbo na kwa jina.

Makala hii inaeleza tofauti zake kwa mifano ya Kilosa na Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro, Tanzania. Kilosa ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilo na kituo cha Reli ya Kati. Mikumi ni mji wa wilaya hiyohiyo kando ya barabara kuu ya TANZAM, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Katika miji ya namna hii kompyuta moja huweza kumtumikia mwanafunzi, mwalimu au mwenye duka la steshenari kwa miaka mingi, na umeme unaokatika pamoja na joto la mchana huathiri matumizi yake kila siku.

## Maana ya majina

Jina la prosesa ya Intel ya miaka hiyo lina sehemu nne. "Core" ni jina la familia. "i5" huonyesha daraja ndani ya familia: i3 ni ya chini, i5 ya kati, i7 ya juu. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari huonyesha kizazi, hivyo 6300U ni ya kizazi cha 6 na 8250U ni ya kizazi cha 8. Herufi "U" huonyesha kwamba prosesa imekusudiwa kwa kompyuta mpakato zinazotumia umeme kidogo.

Kosa la kawaida ni kutazama daraja na kusahau kizazi. Core i7-6600U ni ya daraja la juu kuliko i5-8250U, lakini ina viini viwili tu, kama i5-6300U. Kwa kazi nzito zinazogawanyika, i5 ya kizazi cha 8 huipita i7 hiyo ya kizazi cha 6. Kibandiko cha "i7" juu ya kompyuta, kisichotaja kizazi, hakitoshi kueleza kilichomo ndani.

Kizazi nacho hakitoshi peke yake. Core i3-8130U ni ya kizazi cha 8, lakini ina viini viwili. Inafaa kusoma namba yote mpaka herufi ya mwisho.

## Jedwali la sifa

| Sifa | Core i5-6300U | Core i5-8250U |
|---|---|---|
| Mwaka wa kutolewa | 2015 | 2017 |
| Kizazi | cha 6 | cha 8 |
| Viini | 2 | 4 |
| Nyuzi | 4 | 8 |
| Kasi ya msingi | GHz 2.4 | GHz 1.6 |
| Kasi ya juu kabisa | GHz 3.0 | GHz 3.4 |
| Kashe | MB 3 | MB 6 |
| TDP | wati 15 | wati 15 |
| Kitengo cha michoro | HD Graphics 520 | UHD Graphics 620 |
| Kikomo cha joto | °C 100 | °C 100 |

*Kiini* ni sehemu ya prosesa inayoweza kutekeleza maagizo peke yake. Prosesa yenye viini vinne ni kama jiko lenye mafiga ya kubandika sufuria nne kwa mara moja. *Uzi* ni mfululizo wa maagizo. Prosesa zote mbili zinaruhusu kila kiini kushughulikia nyuzi mbili kwa wakati mmoja, ili sehemu za kiini zisikae bure wakati uzi mmoja unasubiri data. *Kashe* ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, yenye kasi kuliko RAM, inayohifadhi data zinazohitajika mara kwa mara.

## Kasi ya saa

Kila prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na gigahezi moja (GHz 1) ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Anayesoma jedwali kwa haraka ataona GHz 2.4 upande mmoja na GHz 1.6 upande wa pili, na ataamua kwamba ya kwanza ina kasi zaidi. Uamuzi huo si sahihi, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba kasi ya msingi si kasi ya kawaida ya kazi. Ni kasi ambayo mtengenezaji anaihakikisha wakati viini vyote vimeelemewa na kazi nzito kwa muda mrefu ndani ya kikomo cha wati kilichopangwa. Kazi inapokuwa ya muda mfupi au ya kiini kimoja, prosesa hupandisha kasi yenyewe. Hapo 8250U hufika GHz 3.4 na 6300U hufika GHz 3.0. Kwa kuwa muundo wa ndani wa viini vyake karibu haukubadilika kati ya kizazi cha 6 na cha 8, kazi inayofanyika kwa kila pigo ni karibu ileile. Hivyo kwa kazi ya kiini kimoja tofauti inakadiriwa kwa kugawanya 3.4 kwa 3.0, na jibu ni ongezeko la asilimia 13 hivi. Mtu anayeandika barua ataitambua kwa shida.

Sababu ya pili ni idadi ya viini. Viini viwili vya GHz 2.4 vinatoa jumla ya mapigo bilioni 4.8 kwa sekunde. Viini vinne vya GHz 1.6 vinatoa bilioni 6.4. Kwa hiyo hata zikilinganishwa kwa kasi ya msingi, ambako 8250U inaonekana dhaifu, bado inaongoza kwa theluthi moja.

Hesabu hii ya kujumlisha mapigo inafaa hapa kwa sababu viini vya prosesa hizi mbili vinafanana. Haifai kulinganisha prosesa za kampuni tofauti, au za miundo iliyoachana sana, kwa kuwa pigo moja la kiini kipya huweza kukamilisha kazi nyingi kuliko pigo moja la kiini cha zamani.

## Aina ya kazi

Viini vingi husaidia pale tu ambapo kazi inaweza kugawanywa. Magunia kumi yakipakiwa kwenye lori, watu wanne watamaliza upesi kuliko wawili. Barua moja ikiandikwa, watu wanne hawawezi kushika kalamu moja.

Kazi zisizogawanyika vizuri ni kama kuandika waraka, kufungua programu ndogo, au kujumlisha alama za darasa moja katika lahajedwali. Mwalimu wa Kilosa anayeandaa ripoti za wanafunzi hataona tofauti kubwa kati ya prosesa hizi katika saa za kuandika.

Kazi zinazogawanyika ni pamoja na kubadilisha video kutoka umbo moja kwenda lingine, kubana mafaili mengi, kukusanya programu ndefu kutoka kwenye msimbo wake, na kuchambua picha za satelaiti. Mwanafunzi anayetengeneza ramani ya uoto wa Hifadhi ya Mikumi, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, anaipa kompyuta hesabu inayoweza kukatwa vipande vingi. Programu yake ikiwa imeandikwa kutumia viini vyote, 8250U itamaliza mapema zaidi.

Kuna pia kundi la tatu: kazi nyingi ndogo zinazokwenda pamoja. Katika duka la steshenari, kompyuta moja huweza kuchapisha, kuskani, kufungua kurasa kadhaa za intaneti na kukagua flashi ya mteja kwa programu ya kuzuia virusi, yote kwa wakati mmoja. Hakuna hata moja iliyo nzito sana, lakini kwa pamoja hujaza viini viwili. Hapa ndipo watumiaji wengi wanapohisi tofauti: kompyuta yenye viini vinne haigandi wakati ukaguzi wa virusi unaendelea.

Intel ilipotangaza prosesa za kizazi cha 8 za aina ya U, ilidai ongezeko la utendaji hadi asilimia 40 kuliko kizazi cha 7. Dai la mtengenezaji huchagua kazi zinazopendelea bidhaa yake, lakini mwelekeo wake unalingana na hesabu ya viini iliyotolewa hapo juu.

## TDP si matumizi ya umeme

TDP ni kipimo kinachoeleza wastani wa nguvu, na hivyo joto, ambalo prosesa inatarajiwa kutoa ikifanya kazi nzito kwa viini vyote katika kasi ya msingi. Humsaidia mtengenezaji wa kompyuta kuchagua feni na kipozeo. Haisemi kwamba prosesa hutumia wati 15 saa zote.

Kompyuta ikiwa imefunguliwa tu na mtumiaji anasoma, prosesa hutumia nguvu ndogo sana, kwa sababu viini vingi hulala kati ya pigo moja la kibodi na lingine. Kazi ikija ghafla, prosesa huweza kuvuka wati 15 kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi kwenye kikomo. Ukubwa na muda wa kuvuka huko hupangwa na mtengenezaji wa kompyuta. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye prosesa moja huweza kutoa matokeo tofauti.

## Kwa nini viini vinne huwa na ufanisi zaidi

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: prosesa yenye viini mara mbili inawezaje kubaki ndani ya wati zilezile 15? Jibu liko katika uhusiano wa nguvu, kasi na volteji.

Nguvu inayotumiwa na kiini kinachofanya kazi huongezeka sambamba na kasi yake, na huongezeka sambamba na *mraba* wa volteji yake. Kasi kubwa huhitaji volteji kubwa. Kwa hiyo kukimbiza kiini kimoja kwa kasi sana kuna gharama ya mara mbili: mapigo yameongezeka, na kila pigo limekuwa ghali zaidi.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, si wa vipimo halisi. Tuseme viini viwili vinakwenda GHz 3.0 kwa volteji tunayoiita 1. Kazi ni 2 × 3.0 = 6, na nguvu ni 2 × 3.0 × 1 = 6. Sasa tuseme viini vinne vinakwenda GHz 2.2, na kasi hiyo ndogo inaruhusu volteji kushuka hadi 0.8. Kazi ni 4 × 2.2 = 8.8. Nguvu ni 4 × 2.2 × 0.8 × 0.8, karibu 5.6. Kazi imeongezeka kwa karibu nusu, na nguvu imepungua kidogo.

Jedwali la sifa linathibitisha wazo hilo kwa namba za mtengenezaji mwenyewe. Kwa wati 15, 6300U inahakikisha mapigo bilioni 4.8 kwa sekunde, na 8250U inahakikisha bilioni 6.4. Kila wati ya 6300U inalipia mapigo milioni 320, na kila wati ya 8250U inalipia milioni 427 hivi. Ile GHz 1.6 iliyoonekana kama udhaifu ndiyo siri ya ufanisi: viini vingi vinavyokwenda taratibu.

Umuhimu wa jambo hili huonekana katika nishati ya kazi nzima. Nishati ni nguvu mara muda. Kazi inayochukua dakika 40 kwa wati 15 hutumia wati-saa 10. Kazi hiyohiyo ikimalizika kwa dakika 30 kwa wati zilezile 15, hutumia wati-saa 7.5. Prosesa iliyomaliza mapema hurudi kulala, na skrini nayo huweza kuzimwa mapema.

## Kutazama video

Video za intaneti husafirishwa zikiwa zimebanwa. Kompyuta inapozionyesha ni lazima izifumue, na kazi hiyo huweza kufanywa na viini vya kawaida au na sehemu maalumu ndani ya kitengo cha michoro. Sehemu maalumu hutumia umeme kidogo zaidi.

Kizazi cha 6 kiliweza kufumua kikamilifu kwa sehemu maalumu video za H.264 na zile za HEVC za kawaida. Kwa umbo la VP9, ambalo YouTube hulitumia sana, sehemu ya kazi ilibaki kwa vitengo vya kawaida. Kuanzia kizazi cha 7 Intel iliongeza ufumuaji kamili wa VP9, pamoja na HEVC ya biti 10, na 8250U ina uwezo huo.

Kwa mwanafunzi anayejifunza kwa video, tofauti hii huweza kuwa kubwa kuliko ile ya kasi. Kwenye 6300U feni huweza kuvuma wakati wa somo la saa nzima, na betri hushuka upesi. Anayeitumia anaweza kupunguza mzigo kwa kuchagua video ya ubora wa chini, jambo ambalo pia linaokoa bando la intaneti.

## Joto

Prosesa zote mbili zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Zinapokaribia hapo hupunguza kasi zenyewe ili zisiharibike. Kompyuta haizimiki mara moja. Inakuwa nzito tu, na mtumiaji huweza kudhani ina virusi.

Kipozeo huondoa joto kwa kutegemea tofauti kati ya joto la prosesa na la hewa ya chumbani. Katika uwanda wa Mikumi na Kilosa, ambako joto la mchana huweza kupita nyuzi 30, nafasi hiyo ni ndogo kuliko katika chumba chenye nyuzi 20. Vumbi likiziba matundu na mapezi ya kipozeo, nafasi hupungua zaidi. Katika hali hiyo 8250U hupoteza sehemu ya faida yake, kwa sababu haiwezi kudumisha kasi ya juu kwa viini vyote vinne.

Ni makosa kudhani kwamba viini vinne lazima vitoe joto mara mbili. Katika kazi ndefu, prosesa zote mbili zinazopangiwa wati 15 hutoa joto linalokaribiana. Kinachoamua ni feni safi, matundu yasiyozibwa na godoro au nguo, na rojo linalopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo. Rojo hilo hukauka kwa miaka. Kulibadilisha na kupuliza vumbi ni kazi ya kawaida kwa fundi, na huweza kuirudishia kompyuta ya zamani kasi iliyopotea.

## Betri, LUKU na umeme wa jua

Gharama ya umeme wenyewe si hoja kubwa. Kompyuta mpakato inayotumia wastani wa wati 10 kwa saa tano kila siku hutumia wati-saa 50. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, hivyo inatosha kwa siku 20. Kupunguza matumizi hayo kwa robo hakubadilishi bajeti ya nyumba.

Hoja ni saa ambazo umeme haupo. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilikuwa na mgao wa umeme, kabla ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwezi Februari 2024. Hata nje ya mgao, laini huweza kukatika kwa mvua au matengenezo. Wakati huo kinachohesabiwa ni wati-saa zilizobaki kwenye betri.

Betri ya wati-saa 48 ikitumiwa kwa wastani wa wati 8 hudumu saa 6. Wastani ukipanda hadi wati 12, hudumu saa 4. Katika kazi nyepesi sehemu kubwa ya wati hizo huchukuliwa na skrini, redio ya Wi-Fi na diski, kwa hiyo prosesa hizi mbili hukaribiana. Katika kazi nzito prosesa ndiyo mlaji mkuu, na hapo 8250U hukamilisha kazi zaidi kabla betri haijaisha.

Kwa anayetumia umeme wa jua hesabu ni ileile, ila hasara huongezeka njiani. Inveta hubadilisha umeme wa betri kuwa wa volti 230, kisha chaja huurudisha kuwa wa volti 20 hivi, na kila hatua hupoteza kiasi. Kila wati-saa ambayo prosesa haikuitumia huokoa zaidi ya wati-saa moja kwenye betri ya sola.

## Mfumo endeshi na usalama

Tofauti nyingine haitokani na umeme wala kasi. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwezi Oktoba 2021 iliorodhesha prosesa inazozikubali, na kwa upande wa Intel orodha hiyo huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Core i5-8250U imo. Core i5-6300U haimo.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya 6300U inaendelea kuwaka na kufanya kazi kama zamani, lakini bila mpango wa nyongeza wa masasisho haipati marekebisho mapya ya usalama. Ziko njia za kusakinisha Windows 11 kwenye prosesa zisizokubaliwa, lakini Microsoft haiahidi kwamba kompyuta hizo zitapata masasisho.

Masasisho si mapambo. Mwezi Januari 2018 ulitangazwa udhaifu wa Meltdown na Spectre uliogusa prosesa nyingi duniani, zikiwemo hizi mbili, na kinga yake ilifikishwa kwa watumiaji kupitia masasisho. Kompyuta ya steshenari, inayopokea flashi za wateja na kufungua barua pepe zao, ina hatari kubwa kuliko ya mtu mmoja.

Mwenye 6300U ana njia nyingine: mifumo endeshi ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, hufanya kazi kwenye prosesa zote mbili na huendelea kupata masasisho bila malipo. Kabla ya kuhama, ni vyema kuhakikisha kwamba printa, skana na programu za kazi zina toleo linalokubali.

## Kujipimia

Matokeo ya vipimo hutegemea kompyuta nzima, kwa hiyo mnunuzi hufaidika kupima ile iliyo mbele yake.

1. Kutambua prosesa. Katika Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha jina kamili la prosesa, idadi ya viini na kasi ya wakati huo. Katika Linux, amri ya `lscpu` hutoa taarifa hizo.
2. Kupima utendaji. Programu ya bure ya 7-Zip ina kipimo ndani yake. Kiachwe kiende kwa dakika kumi. Dakika ya kwanza huonyesha kasi ya ghafla, na dakika ya kumi huonyesha kasi inayodumu baada ya joto kupanda.
3. Kupima betri. Katika Windows, amri ya `powercfg /batteryreport` hutengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa, kwa miliwati-saa.
4. Kulinganisha kwa haki. Kompyuta zote mbili ziwe na mwanga uleule wa skrini, zote kwenye chaja au zote kwenye betri, na programu nyingine zimefungwa.

## Mambo yanayoweza kuzidi tofauti ya prosesa

Prosesa bora ndani ya kompyuta mbovu haisaidii. Betri iliyobaki na nusu ya uwezo wake hupunguza saa 6 kuwa 3, na hakuna tofauti kati ya prosesa hizi inayoweza kufidia hasara hiyo katika kazi nyepesi. Diski ya zamani ya kuzunguka hufanya kompyuta yoyote ichelewe kuwaka. 6300U yenye SSD huweza kuonekana nyepesi kuliko 8250U yenye diski hiyo. RAM ya GB 4 hujaa haraka kwa vivinjari vya leo, na GB 8 ni kiasi cha chini kinachofaa kwa kazi mchanganyiko.

Chaja nayo ina uzito wake katika mji mdogo. ThinkPad T480 huchajiwa kwa USB-C, umbo linalotumiwa na vifaa vingi. T460 huhitaji chaja ya tundu lake maalumu, na ikiharibika mbadala huweza kuwa mbali.

## Muhtasari

Kwa kuandika, kusoma na lahajedwali ndogo, Core i5-6300U bado inatosha, hasa ikiwa na SSD, betri nzima na mfumo endeshi unaopata masasisho. Kwa kazi nyingi za pamoja, video za masomo, uchambuzi wa picha na uandishi wa programu, Core i5-8250U inatoa utendaji zaidi kwa wati zilezile, na inakubaliwa na Windows 11. Nyongeza ya bei ya 8250U ina maana kwa anayehitaji mambo hayo. Asiyeyahitaji anaweza kuitumia nyongeza hiyo kununua betri mpya au SSD, na akapata faida kubwa zaidi.